Uzi wa wakerezaji: vyombo vya mapambo vya vipande vya mbao, kazi inaamuliwa kwenye msumeno kabla ya kerezo

Mkereza Pete (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kwenye mazungumzo ya kukereza watu huuliza sana patasi ipi ni nzuri, mashine iwe na nguvu kiasi gani, mafuta gani ya kumalizia. Ni maswali ya maana. Ila kwa kazi ya vipande, yaani vasi, bakuli au kasha linalojengwa kwa pete za vipande vidogo vilivyogundishwa halafu likakerezwa, ubora unakuwa umeshaamuliwa kabla chombo hakijapanda kwenye kerezo, yaani ile mashine inayozungusha mbao ili ichongwe kwa patasi. Kerezo linafichua tu ulichofanya kwenye msumeno na kwenye gundi. Maungio yakiwa na mwanya, hata uwe na patasi kali namna gani, mwanya utabaki.

Kwa ambao ni wageni: unachukua bao, unalikata vipande vyenye umbo la trapeza, unavipanga vikafunga duara, hiyo ni pete moja. Unatengeneza pete nyingine za vipenyo tofauti, unazibandika moja juu ya nyingine mpaka zinafanana kwa mbali na umbo unalolitaka, kisha unakereza nje na ndani. Kwa njia hii mabaki ya karakana yanatoa vasi pana ambalo gogo zima lingepasuka kabla ya kukauka. Jambo jingine linalonipendeza ni kwamba nyuzi za mbao zinazunguka chombo. Upande wote wa nje unakata ubavu wa nyuzi, hukutani na kile kichwa cha mbao, yaani ncha za nyuzi zilizokatwa, kinachochanika mara mbili kila mzunguko kama kwenye bakuli la bao zima.

Sasa hesabu. Pembe ya kukatia kila ncha ni 180 gawanya kwa idadi ya vipande. Vipande 8 ni digrii 22.5, 12 ni 15, 16 ni 11.25, 18 ni 10, na 24 ni 7.5. Anayeanza namshauri 12: pembe ni namba nzima, vipande si vidogo kiasi cha kuhatarisha vidole, na mchoro unapendeza.

Urefu wa upande wa nje wa kipande ndipo wengi wanapoteleza. Wanachukua mzingo wa duara wakagawa kwa 12. Sivyo. Kipande kina upande ulionyooka, siyo tao, kwa hiyo zidisha kipenyo kwa tanjenti ya ile pembe. Tuseme vasi litakuwa na upana wa mm 200 na unaongeza mm 6 za kukereza. 206 mara tanjenti ya digrii 15 (0.268) ni mm 55.2. Ukitumia mzingo unapata 53.9. Tofauti inaonekana ndogo, lakini pete ya vipande vya 53.9 inakupa duara safi la mm 201 tu. Karibu ziada yote ya kukereza imekwenda.

Ndani nako kuna mtego wake. Bao likiwa na upana wa mm 30, usidhani duara la ndani litaanzia nusu kipenyo cha 73. Kona za ndani ziko mbali zaidi na kitovu kuliko katikati ya kipande. Hapa ziko kwenye 75.6. Ukuta wako hauwezi kuzidi mm 24 hivi. Chora nusu ya vasi kwa ukubwa halisi kwenye karatasi ya miraba, gawa kwa unene wa mbao zako, kisha kwa kila tabaka soma kipenyo kikubwa cha nje na kidogo cha ndani. Mchoro huo ndio utakaokuambia upana wa kila bao. Usikate kitu bila huo.

Karibuni, tuendelee.

---

Binti Karakana

Asante sana Mkuu kwa somo. Nimeweka kambi hapa.

Swali langu: hiyo digrii 15 unaipataje kamili? Msumeno wangu wa meza una kile kipimo cha pembe cha kuteleza, nikiweka 15 nikakata vipande vyote 12, kimoja cha mwisho hakikai. Ama kinagoma kuingia, ama kinabaki na uwazi. Nikiangalia kipande kimoja kimoja naona viko sawa kabisa.

---

Randa Kali

Dada, tatizo ni kwamba kosa linajikusanya. Pete ya vipande 12 ina mikato 24. Kila mkato ukikosea digrii 0.1 tu, ambayo jicho haliioni, jumla ni digrii 2.4. Kwenye pete ya nusu kipenyo cha mm 100 huo ni uwazi wa mm 4 upande wa nje. Vile vistari vya kwenye kipimo havikuundwa kwa usahihi huo.

Njia yangu ni nusu pete. Gundisha vipande sita sita, upate nusu mbili. Maungio mawili ya mwisho usiyatie gundi, yawekee vijiti viwili vya duara vya unene sawa, halafu bana pete nzima. Hapo maungio yenye gundi yanafunga vizuri na kosa lote linahamia kwenye zile ncha nne. Gundi ikikauka, weka msasa juu ya kioo au ubao bapa, sugua ncha za kila nusu zikae mstari mmoja, kisha unganisha nusu mbili. Imekwisha.

---

Mkereza Pete

Randa Kali ameeleza vizuri na hesabu yake ni sahihi. Nusu pete inafanya kazi, nami naitumia. Ila naomba isichukuliwe kuwa dawa ya kila kitu. Ukisugua ncha unapunguza vipande vinne vya pembeni tu, vingine vinabaki na urefu wake. Kosa likiwa dogo haionekani. Likiwa kubwa, pete inakuwa yai, na ukiibandika juu ya nyingine maungio hayakai katikati ya vipande vya chini. Kwenye chombo chenye mpangilio wa rangi macho yanakwenda hapo moja kwa moja.

Binti Karakana, dawa ya shina ni kitoroli chenye kingo mbili. Ni ubao bapa wa plaiwudi au MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) unaoteleza kwenye mfereji wa meza, juu yake kuna kingo mbili zinazoelekeana kwa pembe. Huko nje wanakiita Wedgie Sled. Kila kipande kinakatwa ncha moja kwenye ukingo wa kwanza na ncha ya pili kwenye ukingo wa pili. Siri iko hapa: hakuna haja ya kila ukingo kuwa digrii 15 kamili. Kinachotakiwa ni kwamba pembe kati ya kingo hizo mbili iwe digrii 30 kamili. Mmoja ukiwa 14.8 na mwingine 15.2, kipande bado kina kabari ya digrii 30, na 12 kati yake vinafunga 360. Kosa la upande mmoja linafutwa na la upande wa pili.

Pembe hiyo ya 30 unaiweka kwa kabari ya plastiki au mbao iliyokatwa kwa usahihi. Unaibana katikati ya kingo, unakaza boliti, unaitoa. Ukitaka vipande 18, unatumia kabari ya digrii 20. Huhitaji kusoma kipimo chochote.

Hakikisha pia bapa la msumeno limesimama wima kabisa juu ya meza. Likiegemea kidogo, pete inaweza kufunga upande wa juu na kuacha mwanya chini, na utahangaika na pembe bure wakati kosa liko kwingine.

---

Fundi Mtulivu

Naongezea la usalama kwa sababu sijaona mtu amelitaja. Vipande hivi ni vidogo na vinakatwa karibu sana na meno. Kidole kisishike kipande kinachokatika. Weka kizuizi cha kupimia urefu, lakini kiwe cha kuondoka au kurudi nyuma kabla ya kukata, ili kipande kisibanwe kati ya kizuizi na bapa. Kikibanwa kinarushwa kama risasi. Mimi nakishikilia kwa kijiti chenye mpira nchani, naubonyeza chini, na nazima msumeno nasubiri bapa lisimame ndipo nakiondoa. Bapa liwe la meno mengi, 60 hadi 80, ili ncha zitoke laini na zisihitaji msasa. Ukizipiga msasa kwa mkono unaharibu ile pembe uliyoihangaikia.

---

Kijana wa Gundi

Wakuu naomba msaada. Bakuli langu limekuwa zuri, pete sita, mninga na mkangazi. Chini niliweka kitako cha mninga, duara zima la mm 150, nikaligundisha ndani ya pete ya kwanza likakaa vizuri mno. Miezi kadhaa baadaye pete ya chini imeachia kwenye maungio mawili yanayotazamana. Gundi ilikuwa nzuri, zile pete nyingine ziko imara. Ni nini hiki?

---

Mkereza Pete

Kijana wa Gundi, gundi yako haina kosa, na wala mkono wako. Hapa mbao imefanya kazi yake ya asili, na hili ndilo jambo ninalotamani kila anayeanza alielewe kabla hajanunua hata klampu.

Mbao inavuta unyevu na kuutoa maisha yake yote, hata iwe na miaka mia ndani ya nyumba. Inapofanya hivyo inatanuka na kusinyaa, lakini si sawasawa kila upande. Kutoka mbichi hadi kavu, aina nyingi husinyaa kati ya asilimia 6 na 10 kwa kufuata pete za ukuaji wa mti, takriban nusu ya hiyo kutoka kwenye moyo kuelekea ganda, na kwa urefu wa nyuzi ni asilimia 0.1 au 0.2 tu, yaani kama hakuna. Mbao ikishakauka mabadiliko ya majira ni madogo zaidi, ila hayaishi.

Sasa tazama chombo chako. Kwenye pete, nyuzi zinazunguka. Mzingo wake umejengwa kwa urefu wa nyuzi, kwa hiyo pete haikui wala haipungui kipenyo kwa kiasi cha kuhesabika. Kitako chako ni bao zima: nyuzi zinakwenda upande mmoja tu. Kwa urefu wa nyuzi kimetulia, kwa upana kinapumua. Unyevu ulipopanda, kitako cha mm 150 kikitanuka kwa asilimia 1 tu ni mm 1.5. Umeifunga hiyo mm 1.5 ndani ya pete isiyotanuka. Lazima kimoja kiachie. Ndiyo maana maungio yaliyofunguka yanatazamana: chora mstari kati yake, utakuta unafuata nyuzi za kitako. Kama hewa ingekauka, kitako ndicho kingepasuka katikati.

Mninga unasifiwa kwa utulivu, na sifa hiyo ni ya haki, ndiyo maana umekaa miezi yote hiyo. Ungekuwa mti wenye kucheza sana, ungeachia mapema.

Suluhisho ni kitako kinachoelea. Kereza mfereji wa kina cha mm 4 hivi kuzunguka ukuta wa ndani wa pete ya chini. Kitako kichongewe ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji, na uache nafasi ya zaidi ya mm 1 pande zote. Usitie gundi. Kisha gundisha pete ya kukanyagia chini yake, kitako kinabaki ndani kimefungiwa lakini huru kupumua. Jambo jingine linalofaa ni kujenga kitako chenyewe kwa pete na kuacha kiduara kidogo tu katikati.

---

Mzee wa Patasi

Mwanangu Mkereza Pete, umesema kweli, ila usiwaogopeshe vijana. Kitako kidogo, cha mm 75 kushuka, mimi nakigundisha na kinadumu, kwa sababu mwendo wenyewe ni mdogo na gundi inauvumilia. Vasi lenye mguu mwembamba halihitaji mfereji wala kuelea. Pia mtu akifanya kitako kuwa tabaka la chini, kikabandikwa bapa kwa bapa chini ya pete badala ya kufungiwa ndani yake, hatari inapungua.

---

Mkereza Pete

Shikamoo Mzee. Nakubali kwa kitako kidogo, nami nafanya hivyo hivyo. Kwa kile cha bapa kwa bapa bado nina wasiwasi kikipita mm 100, kwa sababu nyuzi zinakatishana na zile za pete pande mbili za duara. Kwa wanaoanza nitaendelea kusema mfereji.

---

Mzee wa Patasi

Marahaba. Hapo hatugombani. Waambie na wapime unyevu. Bao la asilimia 8 likiunganishwa na la asilimia 14, mfereji hautamwokoa mtu.

---

Binti Karakana

Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Nimetengeneza kitoroli, vipande vinafunga bila kulazimisha! Sasa gundi. Maungio haya ni karibu kichwa kwa kichwa, na nilifundishwa kwamba gundi haishiki kichwa cha mbao. Nifanyeje?

---

Randa Kali

Ulichofundishwa kina ukweli ndani yake. Vinyweleo vya mbao vimefunguka pale, vinanyonya gundi, maungio yanabaki makavu. Paka tabaka jembamba la gundi ya mbao ya maji kwenye ncha, iache inyonywe kwa dakika chache, kisha paka tena na ubane. Kubana pete, ile mikanda ya chuma ya kukaza mipira ya maji inafaa kuliko klampu yoyote, inabana sawasawa pande zote. Weka karatasi ya nta chini.

Halafu elewa kwamba nguvu ya chombo haitoki hapo. Inatoka kwenye kubandika pete juu ya pete, bapa kwa bapa, na maungio yakipishana kama matofali. Kila ungio dhaifu linakuwa na kipande kizima juu yake na kingine chini yake.

---

Mkereza Pete

Sahihi kabisa. Na ili bapa kwa bapa ishike, kila pete inyooshwe kabla ya kupokea nyingine. Ikiwa juu ya kerezo, gundisha msasa namba 80 kwenye ubao bapa mpana kuliko pete, uuegemeze taratibu pete ikizunguka. Chora mistari ya penseli kwenye uso wote kwanza. Mistari yote ikifutika, uso umenyooka. Ikibaki hata sehemu moja, endelea. Kubana tumia mkia wa mashine wenyewe, ile sehemu ya nyuma ya kerezo inayosogea, unasukuma pete mpya ikae katikati.

La mwisho kuhusu gundi ya maji: inaingiza maji kwenye maungio, mbao inavimba pale. Ukikereza na kupiga msasa wa mwisho siku hiyo hiyo, uvimbe ukishuka utabaki na vijifereji kwenye kila ungio, utavihisi ukipitisha ukucha. Mpe chombo siku moja au mbili apumzike kabla ya kumaliza.

---

Kijana wa Gundi

Nimepata jibu langu, nashukuru sana Mkuu. Lile bakuli nakata kitako nitie cha kuelea.

Kuna jingine. Nataka kuweka vipande vya mpingo kwenye mti mweupe. Nimesikia mpingo hausikii gundi.

---

Fundi Mtulivu

Mpingo una mafuta, na ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Futa ncha kwa asetoni kisha gundisha papo hapo, usiache mafuta yapande tena. Epoksi inashika vizuri zaidi hapo kuliko gundi ya maji.

Kinachosumbua zaidi ni vumbi. Vumbi jeusi la mpingo linaingia kwenye vinyweleo vya mti mweupe na kuufanya wa kijivu, halitoki. Kwa hiyo usitegemee msasa. Maliza kwa patasi kali na skrepa (bati la kukwangulia) mpaka uso uwe karibu tayari, paka shelaki (vanishi ya utomvu) nyembamba kuziba vinyweleo, ndipo upitishe msasa mwepesi, huku ukipuliza vumbi mara kwa mara. Na barakoa nzuri, jamani. Vumbi la miti hii linawasha mapafu na ngozi.

Mabaki ya mpingo usitupe hata kidogo. Mpingo ni wa jamii ya miti ya Dalbergia, na karibu jamii hiyo yote imo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 2017, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kazi ya vipande ndiyo inayoheshimu mti wa namna hiyo, kipande cha ukubwa wa kidole kinapata mahali pa kukaa.

---

Mgeni wa Kerezo

Samahani wakuu, mwendo wa mashine uwe kiasi gani? Naogopa isisambaratike.

---

Randa Kali

Hofu yako ina msingi. Anza polepole, mizunguko 500 kwa dakika au chini, mpaka kona zote ziondoke na chombo kiwe duara. Baadaye kanuni ya kawaida ni kipenyo kwa inchi mara mizunguko ipate kati ya 6000 na 9000. Kwa chombo cha inchi 8, yaani mm 200 hivi, ni kati ya 750 na 1125. Kwa kazi ya vipande mimi nabaki kwenye nusu ya chini ya kiwango hicho. Vaa ngao ya uso mzima, miwani haitoshi. Unapowasha simama pembeni, siyo usawa wa chombo. Na kabla ya kuwasha gonga kila pete kwa kucha: penye mlio mfu kagua maungio.

---

Binti Karakana

Swali la mwisho kwa leo. Nataka pete moja ya mapambo katikati, yenye almasi za rangi mbili. Niiweke wapi kwenye vasi?

---

Mkereza Pete

Iweke pale ambapo ukuta umesimama wima au karibu na wima. Ukuta ukilala, patasi inakata mchoro kwa mshazari: almasi inarefuka upande mmoja, na kama pete ina tabaka za rangi ndani, rangi zinachungulia mahali usipozitarajia. Kwenye vasi lenye tumbo, pale tumbo lilipo pana zaidi ndipo ukuta unasimama wima kwa milimita chache juu na chini. Kwa hiyo pete ya almasi isiwe ndefu kuliko sehemu hiyo. Ukitaka iwe ndefu, chora tumbo lenye mkunjo mpole zaidi.

Idadi ya vipande iwe sawa na ya pete za juu na chini, au ziwe zinagawanyika, 12 na 24 kwa mfano, ili kila almasi ikae katikati ya kipande au juu ya ungio kwa mpango, siyo kwa bahati. Na ukitenganisha vipande kwa vibao vyembamba vya rangi, pembe haibadiliki, ila toa unene wa kibao kimoja kwenye urefu wa nje wa kila kipande, la sivyo pete itakuwa kubwa kuliko wenzake.

Pete za juu na chini yake ziwe za rangi moja tulivu. Weka mchoro wako hapa kabla hujakata, tuupitie pamoja.